Sura ya Saba: Namba Nzuri za Kumwonyesha Mama

Jumamosi saa nane mchana niliketi mezani kwangu, nikachukua kalamu, nikabuni presha yangu ya siku kumi na mbili.

Haikunichukua hata robo saa. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Mia na ishirini na mbili kwa themanini. Asubuhi, jioni, asubuhi, jioni. Daktari alikuwa amenipa daftari dogo na mashine ya kuazima, akaniambia nipime mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, kisha Jumatatu nimrudishie vyote. Siku tatu za mwanzo nilipima kweli. Siku ya tatu mashine ilipoandika mia na sitini na mbili kwa mia na sita, niliivua mkononi, nikaifungia kabatini chini ya mashuka kama mlevi anayeficha chupa. Sasa nilichana ukurasa ule wa kweli, nikaanza upya kwenye ukurasa safi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sikuwa mnene, sikuvuta sigara, na ngazi za kiwandani nilizipanda bila kuhema. Wala sikuwa naumwa popote. Hilo ndilo lililoniudhi. Ugonjwa wenye adabu unakuuma, ukajua umekuja. Huu uliingia kimya, ukaja kuonekana siku ya kupimwa wafanyakazi wote, kwenye foleni, mbele za watu. Sista alirudia kunipima mara tatu, mpaka wenzangu wa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba nawachelewesha.

"Umepanda ngazi mbio?" aliniuliza.

"Hapana."

"Umegombana na mtu?"

"Bado."

Hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi, akanipa, akaniambia nisikae nayo hata wiki.

Kumeza kidonge kila asubuhi nilikuweza. Kupunguza chumvi nilikuweza pia, ingawa chakula kilipoteza ladha na mimi nikapoteza ucheshi. Jambo moja tu lilinishinda, na jambo hilo lilikuwa mwanamume.

Kiwandani walimwita Fundi, nami nikamwita hivyo hivyo mpaka jina likageuka kuwa la mapenzi. Yeye aliniita Mkaguzi. Mama yake alikuwa ametoa sharti moja: kabla hajafunga safari na wazee wake kuja kujitambulisha kwetu, mimi na mwanawe tupimwe, na daktari aandike. Karatasi ya Fundi ilitoka safi. Yangu ilisubiri Jumatatu, na daktari angeiandika kwa kufuata daftari. Daftari likiwa baya, ningebaki na daftari langu. Niliona hivyo, na sikuona vingine.

*

Lazima nieleze kazi yangu, maana bila hiyo huwezi kujua nilivyojidanganya.

Tunatengeneza maziwa. Kila mlango wa chumba cha baridi una karatasi, na kila baada ya saa mbili mtu wa zamu anatakiwa kusoma joto na kuliandika. Wengi huandika. Wachache hujikalia mahali penye joto, zamu ikikaribia kwisha wakajaza karatasi nzima kwa mkupuo. Mimi nimeajiriwa kuwakamata. Si vigumu. Joto la kweli halitulii: mlango ukifunguliwa linapanda, umeme ukiyumba linapanda, kisha linashuka taratibu. Karatasi ya kweli ina unyevu na alama za vidole, wino umekolea hapa na kufifia pale. Ya uongo ni safi kama shuka la hotelini, na namba zake zimejipanga kama watoto wanaopigwa picha ya shule.

Fundi nilimfundisha mwenyewe. Alipoajiriwa kutengeneza mitambo, miaka miwili nyuma, alinijia ofisini na rundo la karatasi kifuani.

"Dada mkaguzi, hizi zinasema mtambo mzima. Na mtambo nimeuacha kule umekufa."

Nikamketisha, nikamwonyesha. Kichwa chake kilikuwa karibu na changu, ananukia sabuni na mafuta ya mashine. Nilipoyarudia maelezo mara ya tatu, sote wawili tulijua kwamba alikwisha kuelewa mara ya kwanza.

*

Alibisha hodi saa tisa na nusu.

"Mkaguzi! Nifungulie, mikono imejaa."

Alikuwa na mfuko wa machungwa na feni yangu aliyoichukua wiki iliyopita kuitengeneza. Aliweka feni sakafuni, akaiwasha, akasimama mbele yake na kufumba macho kama mtu anayebarikiwa. Nilimtazama mgongo. Shati lilikuwa limemganda kwenye mabega. Nilitaka kwenda kuweka shavu langu pale na kukaa hivyo mpaka Jumatatu ipite.

"Ilikuwa na nini?" nikauliza.

"Nywele zako. Nimetoa nywele za kutosha kusuka mtu wa pili." Akageuka, akacheka, kisha akaliona daftari mezani. Kicheko kikapungua kidogo. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Lete basi nione."

Nyumba yangu ni chumba kimoja na kiti kimoja. Alikaa kwenye kiti, mimi nikakaa kitandani na kumenya chungwa nisilolitaka. Alifungua ukurasa wa kwanza. Akapitisha kidole chini, mstari kwa mstari, kama nilivyomfundisha. Kidole kilikwenda, kikaenda, kikasimama.

Kilisimama kwenye Jumatano.

Nilijua kwa nini. Jumatano ile mtambo wa chumba cha pili ulikufa saa tisa alasiri, na mimi na yeye tulihamisha kreti za maziwa mpaka saa mbili kasoro, tumevaa makoti, pumzi zetu zinatoka nyeupe. Katikati ya kazi alinivua glovu, akanipulizia vidole. Na daftari langu lilisema kwamba Jumatano hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nimekaa nyumbani nimetulia, presha mia na kumi na sita kwa sabini na nne.

Nikangoja. Nikajisemea, sasa atainua uso, atasema, "Mkaguzi, umefanya nini?" Nami nitalia, nitamwambia kila kitu, atanishika, basi.

Kidole kikaondoka kwenye Jumatano. Kikaendelea Alhamisi, Ijumaa, kikafika mwisho. Fundi akatoa simu mfukoni, akanyoosha daftari kwa kiganja, akapiga picha.

"Namba nzuri," akasema. "Mama atafurahi."

Nimewahi kukaa peke yangu mara nyingi. Nimekula sikukuu peke yangu, nimeugua malaria peke yangu, nimesukuma kitanda hiki kutoka mlangoni hadi dirishani peke yangu. Lakini sijawahi kuwa peke yangu kama dakika ile, na yeye yuko hatua mbili kutoka kwangu anatuma picha.

"Umesimama Jumatano," nikasema.

"Ehe?"

"Kidole chako. Kilisimama Jumatano."

"Kilichoka." Akatabasamu. "Nacho kina haki ya kupumzika, leo wikiendi."

"Jumatano saa kumi na mbili jioni nilikuwa wapi, Fundi?"

Alilifunga daftari.

"Nakuuliza. Nilikuwa wapi?"

"Kazini."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Tunafanya nini?"

"Tunahamisha maziwa. Mkaguzi, tafadhali..."

"Sasa mashine niliiingiza wapi? Nilijipima kwa kreti?"

Aliweka simu mezani, uso wake chini. "Labda ulipima ulipofika nyumbani, ukakosea saa."

"Hayo ndiyo wanayoniambia watu wa zamu. Neno kwa neno."

"Basi waache kiwandani. Hapa si kiwandani, hapa nimekuja kwa mchumba wangu." Akainuka, akaja kukaa kando yangu, akaushika mkono wangu wenye maji ya chungwa. "Nimeona. Sawa? Nimeona kuanzia mstari wa pili. Lakini namba nzuri zimetuumiza nini? Mama ataridhika, atakuja, mambo yataisha. Daktari mpelekee za kweli."

"Nipeleke karatasi mbili."

"Kwa muda tu."

"Mtu mwenye karatasi mbili tunamfanya nini kazini?"

"Usinifanye mtu wa zamu."

"Tunamfanya nini?"

"Tunamfukuza," akasema kwa sauti ndogo, akauachia mkono wangu.

"Daktari aliniambia dawa ninayomeza haimfai mtoto tumboni," nikasema. "Anataka aibadilishe kabla hatujaanza kutafuta mtoto, na hawezi kubadilisha kwa kubahatisha. Namba za kweli sina, nimezichana. Siku zilizobaki sikupima kabisa. Unaelewa? Sina hiyo karatasi ya pili unayosema."

"Hukupima kabisa?"

"Niliogopa."

Alifungua mdomo aseme, na hapo simu ikalia mezani. Ilitetemeka uso chini mpaka ikagusa maganda ya machungwa. Aliigeuza. Sote tuliliona jina.

"Usipokee," nikasema.

Alikwisha kupokea. "Shikamoo mama... Ndiyo... Ndiyo, ni zake... Yuko hapa." Akanitazama kwa macho ya kuomba, akanipa simu, na midomo yake ikasema bila sauti: *tafadhali*.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Miwani yangu imevunjika mkono, nimesomewa na jirani. Kasema hizi namba za msichana wa shule. Nikamwambia huyo ndiye mkwe wangu, usimwonee wivu." Akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha mtu asiyecheka mara nyingi, kilianza kwa kukwama. "Sasa niambie, tarehe ile bado iko palepale kwenu? Maana nataka nishone nguo."

Nikamtazama Fundi. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Kama angenitazama, labda ningesema ndiyo mama, shona.

"Mama, namba hizo nimezibuni."

"Umesemaje?"

"Nimezibuni leo mchana, hapa mezani. Za kweli nilizipata siku tatu tu. Mia na hamsini na nane kwa mia na nne. Mia na hamsini na tano kwa mia na moja. Mia na sitini na mbili kwa mia na sita. Baada ya hapo sikupima."

Fundi alisimama. "Lete simu." Nikampa mgongo, nikaenda dirishani.

Upande wa pili nilimsikia jirani akiuliza kitu, na mama akimwambia, "Nenda kwanza, mama, nenda kwako." Mlango ukafungwa.

"Kwa nini ulibuni?" akauliza. Sauti ilikuwa tofauti, kavu.

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Na mashine."

"Mwanangu aliwahi kukwambia dada yake alikufa kwa nini?"

"Alisema homa."

"Homa!" Akavuta pumzi. "Sikiliza, binti. Nitasema mara moja, sipendi kurudia. Yule binti yangu alikuwa na miaka ishirini na sita, ana mimba ya kwanza. Kila nikimpigia, mama mimi mzima. Miguu imevimba, mama ni viatu. Kichwa kinamuuma mpaka haoni vizuri, mama ni jua. Kadi ya kliniki aliificha chini ya godoro nisije nikaisoma, na presha imeandikwa mle kwa kalamu nyekundu. Walipomfikisha hospitali anatetemeka mwili mzima, hajui hata jina lake. Mtoto hakulia. Yeye hakuamka. Nilizika wawili siku moja."

Nilishika nondo za dirisha. Chini barabarani mtu alikuwa anaosha gari, maji yanatiririka mpaka mtaroni, na nikayatazama kwa makini kana kwamba nitaulizwa.

"Mama, sikujua. Pole."

"Hukujua kwa sababu hukuambiwa. Ndiyo maana nikataka mpimwe. Nyinyi mlidhani nataka cheti cha kuringia kwa mashoga zangu?"

"Nilidhani hivyo."

"Ulidhani hivyo. Basi siji tarehe ile. Siwezi kuja kwa wazazi wako nikacheka na kula wakati moyo unaniambia naandaa msiba. Kama ni ubaya, niite mbaya. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Hujanisikia, nataka nimalize. Jumatatu unamwona daktari saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Ukitoka, nipigie mimi. Usimpe yeye aniambie, yeye atanirembea maneno. Nataka mdomo wako."

Simu ikakatika bila kwaheri.

*

"Umefurahi?" aliniuliza Fundi.

Alikuwa amesimama kati ya kitanda na mlango; simu yake ina sauti kubwa, alikuwa amesikia yote. Ni hatua tatu tu, na zilitosha.

"Ulinificha jambo kubwa namna hiyo?"

"Na wewe umemwambia mama yangu jambo kubwa namna hiyo, kwa simu yangu, bila kuniuliza! Unajua itamchukua muda gani kulala? Unajua mimi ndiye niliyekuwa naye baada ya yale mazishi? Miezi, Mkaguzi. Alikuwa akiniamsha kuniuliza kama napumua."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Dada yangu alikufa kwa kitu ulicho nacho wewe? Wewe ungekuwa mimi ungesema?" Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Kadi ile niliiona mimi. Kabla. Nilikuwa namsaidia dada kuhamisha kitanda, nikaiona chini ya godoro, nikasoma. Akaniambia, mdogo wangu, usimwambie mama, atakosa raha. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini, nikajiona mtu mzima, natunza siri."

Hapo nikaelewa kidole chake. Kilikuwa kimesoma Jumatano kikaondoka, kama kilivyoondoka kwenye kadi ile. Si kwa sababu hanipendi. Alikuwa amejifunza namna moja tu ya kumpenda mgonjwa, nayo ni kugeuza macho.

Nilimhurumia mpaka kifua kikaniuma. Nilijua pia kwamba huruma haitanipima presha.

"Njoo Jumatatu," nikamwambia. "Twende wote. Ukae pale, usikie namba ikitajwa."

Alinitazama muda mrefu. Macho yake ni ya kahawia, la kushoto lina doa dogo jeusi ambalo ukiwa mbali hulioni. Nililiona.

"Siwezi," akasema. "Nikiijua namba yako nitakuwa naihesabu kila siku. Nitakutazama unakula, nahesabu. Unalala, nahesabu. Sitaki kuishi hivyo tena."

"Mimi sina mahali pa kutokea, Fundi. Mimi naishi humo humo."

"Najua."

"Basi nenda kwa mama yako. Yuko peke yake na hayo niliyomwambia."

Alichukua simu. Mlangoni akasimama, akanyoosha mkono kama anayetaka kunigusa nywele, akaushusha, akarekebisha feni inielekee mimi. Kisha akaenda. Nilihesabu hatua zake mpaka ngazi ya mwisho, halafu nikaokota maganda ya machungwa, nikafagia, nikafua taulo mbili ambazo hazikuwa chafu.

*

Jumapili nilipima.

Daktari anataka ukae dakika tano kwanza. Mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, usizungumze na mtu. Hilo la mwisho nililitimiza bila taabu. Wenye familia, nadhani, huwaambia watu wa nyumbani wanyamaze. Mimi sikuwa na wa kumnyamazisha. Mkanda ulijaa, ukanibana mkono, ukalegea, ukatoa pumzi, na kwa sekunde chache ulikuwa ndio kitu pekee chumbani kilichonishika.

Mia na hamsini na sita kwa mia na mbili.

Niliiandika. Jioni nikapima tena, nikaandika. Jumatatu asubuhi vilevile. Namba mbaya tatu zikakaa mwisho wa daftari lenye namba nzuri ishirini na nne, na juu ya zile nzuri nikapiga mstari na kuandika, *Si za kweli. Nilizibuni mwenyewe.* Nikatia sahihi, kama ninavyowalazimisha wengine kazini. Simu haikulia. Nami sikupiga.

Kliniki ya presha inajaa mapema. Benchi zima lilikuwa la wazee, wana fimbo zao, mifuko yao ya dawa, habari zao za wajukuu. Bibi mmoja mwenye shali alisogea kunipa nafasi.

"Umemsindikiza nani, mjukuu wangu? Mama?"

"Nimekuja mwenyewe, bibi."

"Kuchukua dawa za mtu?"

"Zangu. Mgonjwa ni mimi."

Alinitazama juu mpaka chini. Nilijiandaa kwa maswali, kwa pole, kwa mambo ya kuachwa na kurogwa. Bibi akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akapangusa kipande cha benchi kilichobaki kati yetu.

"Basi sogea hapa," akasema. "Pale unapigwa na mlango."

Daktari alisoma daftari. Alifika kwenye sahihi yangu, akainua nyusi.

"Una kazi gani?"

"Mkaguzi."

"Inaonekana." Akalirudisha. "Wiki mbili nyingine, safari hii za kweli. Dawa nakubadilishia leo, hii ni salama hata ukishika mimba, lakini usishike kwanza mpaka tuione imetulia. Miezi kadhaa, labda zaidi. Watu wenye presha wanazaa, usisikilize ya mitaani. Ila wanazaa wakiwa wanaijua. Nyumbani una mtu wa kukusaidia?"

"Hapana."

Nilishangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi.

Nje ya kliniki kuna ukuta mfupi ambao watu hukalia wakisubiri. Nilikaa mwisho kabisa. Nilikuwa na namba mbili kichwani. Moja ilikuwa ya Fundi, naijua kuliko ya kitambulisho changu. Nilipiga ile nyingine.

Ilipokelewa kabla haijalia mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Sema."

"Ya leo ni mia na hamsini na nne kwa mia moja. Amenibadilishia dawa. Amesema nirudie wiki mbili, na nisitafute mtoto kwanza."

"Amesema utazaa?"

"Amesema wenye presha wanazaa, wakiwa wanaijua."

Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa. Kikohozi kile nakijua. Huanza kwa kusafisha koo mara mbili. Fundi alikuwa pale, karibu na mama yake, labda amekaa, labda amesimama mlangoni. Nilikaza simu sikioni mpaka ikaniuma. Sikuomba nipewe. Mama naye hakuniuliza kama nataka.

"Sijasema nimekubali," akasema mama.

"Najua."

"Na siwezi kukwambia lini nitakubali. Wala huyu hapa siwezi kumsemea, ni mtu mzima, atajisemea."

"Najua, mama."

"Umekula?"

"Bado."

"Na dawa utaimeza na nini, upepo?" Nikasikia akihamisha simu sikio la pili. "Asubuhi unapima saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya kwenda kazini."

"Kesho ukishapima nipigie. Iwe nzuri, iwe mbaya, hivyo hivyo ilivyo."

"Itakuwa mapema sana, mama. Nitakuamsha."

"Piga tu," akasema. "Tangu nimzike yule, saa hizo huwa niko macho."